Jiwe Lililokubali Kukunjwa

Msingi wa nyumba mjini Sumbawanga, ukiutazama kabla haujapigwa plasta, unaweza kukuchelewesha safari yako. Katika eneo la Katandala, mjini humo, niliwahi kusimamishwa na jiwe moja, la kubebwa na watu wawili, lililolazwa kwenye kona ya msingi, upande wake uliopasuliwa ukitazama njia. Lilikuwa la kijivu lenye milia. Mlia mmoja mweusi ukimetameta kwa ulanga, unaofuata mweupe wa kwatzi, kisha mweusi tena. Na katikati ya milia vinundu vya feldspari vyenye umbo la jicho na rangi ya waridi iliyopauka. Milia haikunyooka. Ilipinda, ikajirudia, ikabanana kwenye kona ya mkunjo hadi ile myeupe ikanenepa na ile myeusi ikakaribia kutoweka, halafu ikaendelea upande wa pili. Mkunjo wote ungeweza kuufunika kwa kiganja.

Swali la kwanza ambalo jiwe la namna hiyo humletea mtu ni la kitoto, nalo ndilo gumu kuliko yote: kitu gani kililikunja, na kwa nguvu kiasi gani? Wanajiolojia huthubutu kulijibu kwa namba. Wanasaga jiwe, wanalitazama kwa hadubini, wanapima chembe za madini ambazo jicho tupu halizioni, kisha wanasema: hapa palikuwa na mkazo wa megapaskali thelathini, ukisukuma kutoka upande huu. Ni madai makubwa kuhusu tukio ambalo halikuwa na shahidi hata mdudu. Ninayaamini zaidi ya nilivyotarajia, ila kwa sharti. Jiwe halitunzi nguvu; nguvu ikiondoka, imeondoka. Linachotunza jiwe ni namna lilivyokubali kubadilika, nalo halikukubali mara moja tu.

Mawe ya Ufipa, uwanda wenye mji wa Sumbawanga, yamekubali mara nyingi mno. Uwanda huu umekaa juu ya sehemu ya Ukanda wa Ubende, mshipi wa miamba geuzi unaoanzia ukanda wa Ziwa Tanganyika na kuelekea kusini-mashariki hadi upande wa Ziwa Nyasa. Kaskazini-mashariki yake kuna kiini kikongwe cha Tanzania, ambacho hakijakunjwa tena kwa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Kusini-magharibi kuna kiini kingine kikongwe, Bangweulu, ambacho sehemu kubwa yake iko Zambia. Miamba ya Ubende imebanwa kati ya wazee hao wawili. R. B. McConnell, mwanajiolojia wa serikali ya kikoloni ya Tanganyika, alitoa maelezo yake ya jiolojia ya Ufipa na Ubende mwaka 1950. Katika miaka ya 1980 Michael Daly akaugawa ukanda huo katika vipande vyenye historia tofauti, na ndiyo maana leo majina kama Ufipa, Ubende, Wakole na Katuma yanasomwa katika majarida ya jiolojia na watu ambao hawajui kama yana wenyewe.

Nelson Boniface wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kiel huko Ujerumani, ndiye aliyenifanya nianze kuliheshimu hilo neno "nyingi". Kwenye ukanda huu wamechunguza eklojaiti, mwamba mzito wa ganeti nyekundu na piroksini ya kijani, ambao huzaliwa pale sakafu ya bahari inapotumbukia makumi ya kilometa chini. Eklojaiti za kipande cha Ubende zina umri wa miaka kati ya bilioni 1.89 na 1.86. Kwenye kipande cha Ufipa zipo nyingine zenye miaka kati ya milioni 590 na 520 tu. Kwa tafsiri yao, hapa palifungwa bahari zaidi ya mara moja, na kati ya kufungwa huko kuna pengo la zaidi ya miaka bilioni moja. Sasa jiwe la msingi wa nyumba lilikunjwa lini? Mlia ungeweza kupinda wakati wa kwanza, ukanyooshwa wa pili, ukakunjwa tena baadaye kidogo.

Kazi yenyewe ya kusoma huanza na uharibifu. Kipande hukatwa kwa msumeno wa almasi, hugundishwa kwenye kioo, halafu husagwa polepole hadi kibaki unene wa milimita 0.03. Kwa unene huo hata jiwe jeusi hupitisha mwanga. Henry Clifton Sorby wa Sheffield, Uingereza, alianza kusaga vipande vya aina hiyo mwaka 1849, na mwaka 1853 akavitumia kueleza kwa nini mawe ya kuezekea ya Wales hupasuka kwa mabapa mazuri: yalibanwa hadi chembe zake zikalala upande mmoja. Huo ulikuwa mwanzo wa kusoma mkazo ndani ya madini, na hata leo chombo hakijabadilika sana: hadubini yenye meza inayozunguka na vichujio viwili vya mwanga vilivyopishana.

Weka hapo kwatzi, lile jiwe jeupe ambalo wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Mpanda na Lupa hulifuata chini kama mbwa anayefuata harufu. Chembe isiyosumbuliwa ina tabia ya utulivu. Unazungusha meza, chembe inang'aa nyeupe, inafifia kuwa kijivu, halafu inazimika yote kwa pamoja. Chembe iliyobanwa haizimiki hivyo. Giza huingia kwenye ukingo mmoja, hutambaa kupita katikati, na linapofika ukingo wa pili ule wa kwanza umeshaanza kung'aa tena. Hakuna ufa, hakuna doa, na ukiondoa vichujio huoni chochote zaidi ya kioo safi. Lakini kivuli kile kinachotembea kinakwambia kuwa safu za atomi zimepinda kwa digrii chache kutoka upande hadi upande, na zimebaki zimepinda kwa mamilioni ya miaka.

Ukisogeza kioo kidogo utaona hatua inayofuata. Pale kupinda kulipozidi, chembe imejigawa vyumba vyumba, kila chumba na mwelekeo wake wa kuzimika. Kwenye mipaka yake kuna vijichembe vipya, vidogo, visafi, ambavyo huzimika kwa ghafla kama kwatzi ambayo haijawahi kuguswa. Vimezaliwa palepale, ndani ya dhiki, kwa kula chembe kubwa iliyochoka. Ganeti inabaki nyeusi kila unapoigeuza kwa sababu haiugawi mwanga miale miwili. Ulanga unawaka rangi za bluu, kijani na zambarau, na vipande vyake vimejikunja pembe kali. Jicho la feldspari limegoma kupinda, na kwatzi imelipita kwa kulizunguka, ikiacha mkia upande mmoja juu na upande wa pili chini. Mkia huo peke yake unaeleza upande upi wa mwamba uliteleza kwenda wapi. Jicho limegoma kwa sababu ya joto: kwatzi huanza kutiririka, ingali imara, joto linapopita nyuzi 300 za sentigredi hivi, wakati feldspari husubiri hadi 450 au zaidi. Kwa hiyo jiwe lenye jicho gumu na kwatzi iliyotambaa limeshakwambia joto lake kabla hujauliza mkazo.

Namba zenyewe zinatoka kwenye vile vijichembe vipya. Mwaka 1934 watu watatu, Taylor, Orowan na Polanyi, kila mmoja kivyake, walieleza jinsi fuwele inavyoweza kubadili umbo bila kuvunjika. Ndani ya mpangilio wa atomi kuna mistari ya kasoro, na mistari hiyo huteleza, safu moja ikiachilia na nyingine ikishika. Mkazo ukiwa mkubwa, mistari inakuwa mingi na inasongamana, na vijichembe vinavyozaliwa huwa vidogo. Mkazo ukiwa mdogo, huwa vikubwa. Mwaka 2003 Michael Stipp na Jan Tullis walitoa kipimo cha kwatzi kilichotokana na majaribio ya maabara: chembe za maikromita 100 zinaashiria mkazo wa megapaskali 17 hivi, za maikromita 50 zinaashiria 30, na za maikromita 10 zinavuka 100. Miaka saba baadaye Holyoke na Kronenberg walirudia kusahihisha vyombo vya majaribio ya aina hiyo na kuzishusha namba zote kwa zaidi ya robo. Sioni aibu yoyote katika hilo. Kinachonishangaza ni kwamba marekebisho yalikuwa robo tu, kwa kitu kilichopimwa maabara kwa saa na siku kisha kikahamishiwa kwenye milima iliyojikunja kwa mamilioni ya miaka.

Megapaskali 30 ni kitu gani? Ni takriban mkazo unaovunja mche wa zege zuri la nguzo katika maabara ya ujenzi. Si nguvu ya miujiza. Mwamba uliokuwa kilometa 15 chini ulibeba karibu megapaskali 400 za uzito wa miamba iliyo juu yake, lakini uzito huo unabana kutoka pande zote kwa usawa, nao haukunji kitu. Kinachokunja ni ile tofauti ndogo, pale upande mmoja unapozidi mwingine kwa thelathini juu ya mia nne. Na kasi yake ni ya kuchosha hata kuifikiria. Kwa mwendo ambao wanajiolojia huukubali kuwa wa kawaida katika milima inayojengeka, mita moja ya mwamba hupungua sehemu tatu za kumi za maikromita kwa mwaka. Ndani ya miaka milioni moja inakuwa imepungua sentimita 30. Hakuna aliyesukuma kwa nguvu. Kilichosukuma hakikuacha.

Hapa Wafipa wana neno la kusema, na wanalisema kwa chuma. Kwa karne kadhaa walifua chuma katika matanuru marefu ya udongo, malungu, yaliyompita mtu kwa urefu na kuvuta hewa yenyewe bila mivukuto. Chuma kilichotoka humo bado kilikuwa kichafu. Kilisafishwa tena kwenye tanuru dogo, kintengwe, hilo likipulizwa kwa mivukuto, kisha kikaingia kwenye nyundo. Mabaki ya malungu bado yanaonekana sehemu mbalimbali za uwanda. Chuma chenye moto kinapopigwa, chembe zake hupinda, hujigawa, na vijichembe vipya huzaliwa kwenye mipaka, kwa sheria ileile inayoitawala kwatzi. Mhunzi akiacha kupiga wakati chuma bado kina moto, chembe hukua na kufuta pigo. Chuma kikipoa chini ya nyundo, mapigo ya mwisho hubaki humo. Sorby mwenyewe, baada ya mawe, alihamia kwenye feleji ya mji wake, akaisugua na kuitazama kwa hadubini katika miaka ya 1860. Ninapenda kufikiri kwamba mhunzi wa Ufipa wa wakati huohuo angemwelewa upesi zaidi ya maprofesa wengi wa London.

Ukilifuata jambo hilo hadi mwisho, ile megapaskali 30 inabadilika sura. Si mkazo uliolikunja jiwe. Ni mkazo uliokuwepo wakati kwatzi ilipokuwa ikipoa kuelekea nyuzi 300 na ilikuwa bado inabanwa. Pigo la mwisho kabla ya baridi. Kama mkazo ulikoma jiwe likiwa bado na joto, vijichembe vilikua baadaye katika amani, na mpimaji atasoma namba ndogo kuliko ukweli. Nguvu kubwa kuliko zote katika historia ya jiwe inaweza kuwa imefutika bila kuacha hata alama ya kufutwa. Umbo la mkunjo linabaki, lakini umbo ni jumla ya yote yaliyopita, na jumla haikwambii ilijengwa na mafungu mangapi.

Kisha kuna ukorofi wa mkunjo wenyewe. Tabaka gumu linapopinda, upande wake wa nje huvutwa na upande wa ndani hubanwa, wakati mbavu mbili za mkunjo huteleza kama zinasuguana. Chukua sampuli ya upande wa nje, nayo itaapa kwamba nchi ilikuwa ikitanuka. Chukua ya ndani, umbali wa vidole viwili, nayo itaapa kwamba ilikuwa ikifinywa. Zote ni za kweli kwa pale zilipokuwa. Ndiyo maana mwanajiolojia mwangalifu, kabla ya kulitoa jiwe mlimani kwa nyundo, hulichora mshale wa kaskazini na kuandika limeinamia wapi, na huchukua sampuli pembeni kabisa mwa mkunjo pamoja na zile za kwenye kona. Bila mshale huo, jiwe linaweza kueleza kiasi cha mkazo, lakini upande mkazo ulikotoka umepotea moja kwa moja. Kila jiwe la msingi mjini liko katika hali hiyo. Fundi aliligeuza ili likae vizuri, na hiyo ilikuwa haki yake.

Mwelekeo, hata hivyo, ndio urithi mkubwa kuliko namba. Fundi anayejua kazi hulipasua jiwe la milia kwa kufuata milia, kwa sababu ulanga uliolala upande mmoja humrahisishia. Bara nalo limefanya hivyo hivyo. Ukishuka kutoka Ntendo kwenda Muze, barabara inaporomoka kwenye ukingo wa Lyamba lya Mfipa kutoka baridi ya uwandani hadi joto la bonde, karibu kilometa moja kwenda chini, na ukingo huo unakwenda kaskazini-magharibi hadi kusini-mashariki, sambamba na milia ya miamba ya Ubende. Bonde la Rukwa limefunguka pale ambapo miamba ilishalazwa tayari. Aliyelaza chembe zile hakujua kwamba anachora mpaka wa Ziwa Rukwa.

Na ni hapa Rukwa palipotokea mzozo ambao kwangu unafundisha zaidi ya mfano wowote wa kitabuni. Kwa miaka mingi baadhi ya wataalamu walisema Rukwa haikufunguka kwa kutanuka moja kwa moja, bali kwa pande mbili kuteleza ubavu kwa ubavu, kwa sababu Bonde la Ufa zima lilidhaniwa kuvutwa kuelekea kaskazini-magharibi na kusini-mashariki. Ushahidi ulikuwepo, tena mwingi: kwenye nyuso za nyufa, mikwaruzo ya mlalo inayoonyesha mwamba mmoja ukipita ubavuni mwa mwingine. Mtu yeyote angeweza kuweka kidole juu yake. Mwaka 2012 Damien Delvaux wa Jumba la Makumbusho la Kifalme la Afrika ya Kati huko Tervuren, Ubelgiji, akishirikiana na Kervyn, Macheyeki na Temu, alichapisha matokeo ya kupima nyufa za uwanda wa Ufipa na bonde la Rukwa. Walitenganisha mikwaruzo kwa zamu zake, ipi imekatwa na ipi, ipi imefunikwa na ipi. Wakapata kwamba mikwaruzo ya mlalo, iliyo wazi kuliko yote, ni ya kale sana, ya mwanzoni mwa zama za Mesozoiki, wakati nyufa hizo zilipobanwa na kuteleza. Chini yake kulikuwa na ya zamani zaidi, ya kusukumana kwa Bangweulu na kiini cha Tanzania. Bonde la leo linatanuka tu, kwa mkao uliokatiza urefu wake.

Makosa hayo hayakuwa ya uzembe. Mikwaruzo ilipimwa vizuri. Ilipewa tu tarehe isiyo yake, kwa kuwa alama kubwa hudhaniwa kuwa mpya. Nadhani hilo ndilo tatizo la fani nzima ya kusoma mikazo ya kale, iwe kwa mikwaruzo au kwa vijichembe vya kwatzi. Kupima kumeendelea sana. Siku hizi mashine husoma mwelekeo wa fuwele maelfu kwa maelfu katika kipande kimoja kwa muda mfupi, na kompyuta hutafuta mkazo mmoja unaoafikiana nazo zote. Mashine italeta jibu hata pale ambapo chembe zake ni za zama tatu tofauti, zikichanganywa kama ushahidi wa kesi tatu kwenye jalada moja.

Kwa wakazi wa Sumbawanga jambo hili si la maktaba pekee. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa na kusini mwa Ziwa Tanganyika lilipigwa na tetemeko la ukubwa wa takriban 7.4, miongoni mwa makubwa kabisa yaliyowahi kupimwa katika Bonde la Ufa la Afrika Mashariki. Ufa wa Kanda, unaopita jirani na mji na kuacha ukuta wa ardhi unaofika makumi ya mita sehemu nyingine, unahesabiwa na wachunguzi kuwa bado una uwezo wa kutikisa. Atakayekadiria tetemeko lijalo lazima ajue mkazo wa sasa unavuta upande gani, na akitumia mikwaruzo ya Mesozoiki atauelekeza ufa njia isiyo yake. Kiasi pia kina maana: tetemeko kubwa kwa kawaida huachilia megapaskali chache tu, kati ya moja na kumi, sehemu ndogo ya kile ambacho kwatzi ya milimani huonyesha.

Kwatzi iliyoko juu haiwezi kusaidia katika hilo. Imepoa, na kwa mkazo wa leo inaweza tu kupasuka. Ile inayopinda sasa hivi kwa mkazo wa sasa iko chini, kwenye kina ambako joto limepita nyuzi 300, na itachukua mmomonyoko wa mamilioni ya miaka kuifikisha mikononi mwa mtu. Kwa wakati huu tuna vipima tetemeko, vituo vya GPS vinavyoachana kwa milimita chache kwa mwaka, na watu wenye dira na daftari wanaopanda milima ya Mbizi kupima mkwaruzo mmoja baada ya mwingine, kisha wanakaa jioni kubishana upi ulimtangulia mwenzake.